Aliyesema Karibu

Siku ya tatu nilifungua mlango. Nilikuwa nimetoka kusoma, nimechoka, na kichwani nina methali moja tu ambayo sote tumekua nayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikajiambia siku mbili zimetosha. Paka wawili walikuwa wameshasikiana kupitia upenyo wa chini ya mlango. Sasa waonane, wazoeane, maisha yaendelee.

Kilichofuata kilikwisha upesi kuliko ninavyoweza kukisimulia. Balozi, paka wangu wa miaka minne, aliingia chumbani kama mtu anayerudi kwake. Mgeni alikuwa uvunguni mwa kitanda. Balozi akainama, akamwona, mkia ukamvimba kama brashi ya kusafishia chupa. Nilisikia mfoko, kisha kishindo, kisha mlio ambao sikujua paka anaweza kuutoa. Nilipoingiza mkono kuwatenganisha niliparuliwa kuanzia kiwiko hadi kiganja, na mpaka leo sijui aliyeniparua ni yupi. Mgeni alijirusha dirishani, akanasa kwenye wavu wa mbu, akaning'inia hapo kwa kucha huku amejikojolea.

Nilimfungia Balozi sebuleni, nikakaa sakafuni na kitambaa mkononi. Siku tatu nzima nilikuwa nikijiona nimetenda wema. Sasa nikajiuliza wema huo nimemtendea nani, na ulikuwa umetoka mfukoni mwa nani.

*

Nieleze walivyofika. Napanga chumba na sebule Changanyikeni, nasomea uzamili wa falsafa. Balozi nilimpata akiwa wa kuenea kiganjani. Jina alipewa na majirani, kwa sababu hakuna aliyeingia uani bila yeye kutoka kumkagua, kama balozi wa nyumba kumi anayetaka kujua mgeni katoka wapi na ataondoka lini. Amehasiwa, si mgomvi, na ana ratiba kunizidi mimi: alfajiri dirishani, mchana juu ya kabati, usiku kitandani kwangu, miguuni, upande wa ukuta.

Mgeni alikuwa wa jirani wa chumba cha tatu aliyehamishwa kikazi kwenda mkoani. Alihama na vyombo vyake vyote isipokuwa paka. Mwenye nyumba si mtu mbaya, ila hakutaka paka asiye na mwenyewe, na alikuwa ameshamwambia kijana amtie kwenye gunia akamwache sokoni. Kila aliyekulia mjini analijua gunia hilo. Nilitoka na kanga, nikasema, "Niachieni mimi."

Ilinichukua saa nzima kumtoa nyuma ya tangi la maji. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka shavu likagusa saruji. Alikuwa paka jike wa kijivu, mwembamba, ambaye ukinyanyua mkono kujikuna kichwa anajikunyata. Jina la Mgeni lilianza kama utani wa siku ya kwanza, na kwetu pwani ni jina la watu pia, basi likamganda.

Nilikuwa nimesoma kwamba paka mpya mwoga apewe chumba chenye mlango. Nikampa chumba cha kulala, nikamfungia Balozi sebuleni. Usiku ule Balozi alikaa mbele ya mlango akiukwaruza, taratibu, bila hasira, kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe. Nikamwambia kupitia mlangoni, "Mpishe mwenzio."

Maneno hayo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya shangazi.

*

Nilikuwa na miaka minane nilipotolewa Muheza kuletwa Temeke. Mama alikuwa mgonjwa, na watu wazima walikuwa wameamua. Shangazi alinipokea mlangoni, akanivua begi, akasema, "Karibu mwanangu, hapa ni kwenu." Sijawahi kusikia sentensi iliyonifariji kuliko hiyo, na sijapata kumshukuru vya kutosha kwa sababu yake.

Kisha akanipeleka kwenye chumba cha binamu yangu, binti yake, aliyekuwa na miaka kumi. Kulikuwa na kitanda kimoja cha futi tatu na nusu. Binamu alisimama kando ya ukuta na sare zake za shule, amerudi muda si mrefu. Shangazi akamwambia, "Mpishe mwenzio." Akasogeza mto wake. Jioni ile akasogeza nguo zake kwenye rafu, na kesho yake akasogeza madaftari. Wiki iliyofuata alifunga fundo kwenye chandarua, katikati, kuonyesha kitanda kinapogawanyika. Shangazi alipoliona fundo alimchapa, akamwita mchoyo. Mimi nilikuwa nimejificha stoo, nyuma ya gunia la mchele, na nilisikia kila kitu.

Katika familia kisa hiki husimuliwa kama kisa kizuri. Nimekisikia kwenye harusi na kwenye misiba: jinsi nilivyoletwa nikiwa mkimya, na jinsi baada ya mwezi mmoja tulivyokuwa kama mapacha, hamna hata ugomvi. Nami nilikisadiki. Nilikuwa nimefika umri wa kuandika tasnifu bila kujiuliza hata mara moja kisa hicho kingesikikaje kama angekisimulia mtoto aliyesogea.

*

Siku ya tisa baada ya ugomvi Balozi alianza kuingia kwenye beseni la mchanga na kutoka, kuingia na kutoka. Anachuchumaa, anakamua, hakitoki kitu. Asubuhi nikakuta matone mekundu juu ya rasimu ya sura yangu ya pili. Nilimtia kwenye kapu, nikaita bajaji.

Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akasema tumewahi, njia haijaziba. Paka dume akiziba mkojo anaweza kufa ndani ya siku chache. Kisha akaniuliza nyumbani kumebadilika nini. Nikaanza kumweleza habari za dagaa, kwamba siku hizi nanunua wa duka jingine. Akanikatiza.

"Sikuulizi chakula. Nauliza nani kaja."

Alinieleza kwamba kibofu cha paka kinaweza kuvimba kwa msongo peke yake, bila mdudu yeyote wa maradhi. Akampa dawa ya maumivu, akaniagiza nimnyweshe maji mengi, akasema niwatenge tena na nianze upya, pole pole. Nilimlipa shilingi 60,000 nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kuchapisha tasnifu.

Kwenye bajaji nilikumbuka methali nyingine, ile ya furaha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wangu alikuwa kwenye kapu, anakojoa damu.

*

Niliporudi kwenye vitabu vyangu nilivisoma kwa jicho jingine. Mwaka 1795 Immanuel Kant aliandika kijitabu kuhusu amani ya kudumu baina ya mataifa. Humo anasema kumpokea mgeni si suala la hisani bali la haki: anayefika kwenye ardhi ya wengine kwa amani hastahili kutendewa kama adui. Ila kwa Kant haki hiyo ni ya kuzuru tu. Anayetaka kukaa anahitaji mapatano maalumu na wenyeji. Miaka mia mbili baadaye Jacques Derrida aliona hapo pana tatizo. Ukarimu unaohesabu masharti, alihoji, je, bado ni ukarimu? Ukarimu kamili ungefungua mlango bila hata kuuliza jina.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilimpenda Derrida, kwa sababu ndivyo shangazi alivyofungua mlango. Lakini Derrida mwenyewe anakirudia kisa cha Lutu katika kitabu cha Mwanzo: mtu aliyewapokea wageni usiku, na watu wa mji walipokuja kuwadai, akawa tayari kuwatoa binti zake ili wageni wake wasiguswe. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo mara mbili kwa ajili ya mtihani na kuupita. Binti za Lutu hawakuwa wamesema karibu. Walikuwa ndani tu, kwao, na ukarimu wa baba yao ulikuwa unalipwa kwa miili yao.

Tunapozungumzia ukarimu humfikiria mwenyeji kama mtu mmoja aliyesimama mlangoni. Lakini nyumba karibu zote zina wenyeji zaidi ya mmoja. Mmoja ana ufunguo na sauti, mwingine ana mto na upande wa ukuta. Anayesema karibu na anayesogea mara nyingi si mtu mmoja. Wa kwanza hupata sifa, wa pili huambiwa asiwe mchoyo.

*

Rafiki yangu mmoja wa darasani aliposikia haya alicheka. "Paka ni paka," aliniambia. "Nenda soko la samaki Feri uone. Paka kibao, na hakuna aliyewatambulisha."

Hoja yake si ya kudharau. Paka wa nyumbani anatokana na kimburu, paka mwitu anayewinda peke yake, asiye na kundi la kurudi kulala nalo. Hata hivyo, palipo na chakula tele paka huweza kuishi wengi pamoja, hasa majike wenye undugu wanaosaidiana kulea watoto. Nilikwenda Feri nikawatazama. Ni kweli wako wengi. Lakini kila mmoja alikuwa amechagua umbali wake. Mmoja alipomkaribia mwenzake kupita kiasi, aliyekaribiwa aliinuka akaenda chini ya meza nyingine. Hapakuwa na wa kumpatanisha kwa sababu palikuwa na pa kwenda.

Tofauti ya Feri na kwangu ni mlango, na mlango niliufunga mimi. Madrasa tulifundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Utotoni nilielewa kwamba kosa lake lilikuwa ukatili. Sasa naona kosa lilikuwa na sehemu mbili zisizotengana: alimfungia, kisha hakumpa chakula wala hakumwacha akajitafutie. Ukishamfungia kiumbe, kila anachohitaji kinakuwa deni lako, kwa sababu wewe ndiye uliyemwondolea njia ya kujipatia.

Pingamizi nililojipa mwenyewe lilikuwa gumu zaidi. Kama Balozi hakuulizwa, je, ningemwacha Mgeni aende na gunia? Nimelizungusha swali hili nikiwa kitandani, nikiwa darasani, nikiwa kwenye daladala, na jibu langu halibadiliki. Hapana. Shangazi pia asingeweza kuniacha Muheza. Mahitaji ya mgeni ni ya kweli, na nafasi ya mwenyeji isiwe ukuta wa kumwacha mtu nje afe. Lakini kutoka hapo hadi kusema mwenyeji hana haki ya kuumia kuna hatua ndefu, na hatua hiyo ndiyo tunayoirukaga. Tunadhani kwa kuwa jambo ni jema basi halina anayelilipia. Lina anayelilipia. Na kama ni lazima pawe na wa kulipa, basi aanze aliyesema karibu.

*

Kwa hiyo nilianza upya, na safari hii nilianza na kitanda changu.

Nilimrudishia Balozi chumba. Dirisha lake, kabati lake, miguuni upande wa ukuta. Mgeni nilimpa sebule, nyuma ya kochi, ndani ya boksi la sabuni lenye tundu moja la kuingilia na jingine la kutorokea. Mimi nikanunua godoro jembamba. Usiku mmoja nalala chumbani, usiku mwingine sakafuni sebuleni, ili asiwepo anayenikosa siku mbili mfululizo.

Wiki mbili za kwanza hawakuonana kabisa. Niligawa kanga pande mbili, nikampangusa kila mmoja mashavuni, maana hapo ndipo paka anapotoa harufu anayoipaka kwenye vitu kusema vinamhusu. Kipande cha Mgeni nikakiweka mbali kidogo na sahani ya Balozi, na cha Balozi mbele ya boksi. Siku ya kwanza Balozi alikizunguka kama nyoka. Siku ya sita alikilalia.

Kisha nikaanza kuwalisha mlangoni, kila mmoja upande wake, mlango umefungwa. Nilianza na sahani zikiwa mbali, hatua nne kila upande, nikawa nazisogeza kadiri walivyokula bila kuacha. Mgeni akiinua kichwa na masikio yakalala, narudisha sahani nyuma. Nilijifunza kwamba kurudi nyuma si kushindwa. Baadaye fundi alinitengenezea fremu ya mbao yenye wavu wa dirisha, nikaisimamisha mlangoni ili waweze kuonana wasigusane. Waliangaliana dakika moja, kisha mbili. Nilijifunza kufunga pazia wakiwa bado watulivu, sio baada ya mmoja kufoka.

Wiki ya sita niliondoa wavu kwa muda mfupi, nami nikiwa nimekaa katikati. Hapakuwa na vita. Wageni wangu wa Jumapili wakapiga makofi: "Si hao, wameshazoeana!" Nami nilitaka sana kuamini. Lakini jioni niliona Balozi amelala mlangoni, anatazama tu, hafoki, hanyanyui hata ukucha. Na Mgeni, aliyekuwa na haja, alikuwa amekaa nyuma ya kochi anasubiri. Alisubiri karibu saa mbili. Balozi alipoinuka kwenda kunywa maji ndipo alipokimbilia beseni.

Hiyo ndiyo amani tuliyokuwa tumeipigia makofi. Nyumba ilikuwa kimya kwa sababu mmoja alikuwa amebana mkojo. Nikaongeza beseni la pili upande wa pili wa sebule, na rafu ukutani ili Mgeni aweze kupita juu Balozi anapokaa chini. Mwezi mzima nilikuwa nikiwafundisha kupendana, kumbe walichohitaji ni njia mbili za kufika mahali pamoja.

*

Usiku ule nilimpigia simu binamu. Ana mume na mtoto sasa, anaishi Mbagala. Tulizungumza habari za mtoto, za mama yake, za bei ya mchele. Kisha nikamuuliza kama analikumbuka fundo la chandarua.

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Wewe bado unalikumbuka?"

Nikamwambia samahani. Akasema samahani ya nini, nilikuwa mtoto, na yeye hakuwahi kunichukia. Akasema kitanda hakikumuuma sana. "Kilichoniuma ni kwamba niliondoka asubuhi kwenda shule, nikarudi nikakukuta. Hamna aliyeniambia. Hata 'kesho anakuja mwenzio' hakuna. Ningeambiwa, ningekutandikia mwenyewe."

Sikuwa na la kusema. Akaendelea, kwa sauti ya mzaha, "Unajua mpaka leo nalala ukingoni? Kitanda futi sita kwa sita, mume wangu ananiuliza mbona unataka kuanguka."

Hapo ndipo kulinganisha kwangu kunapogoma, na sitaki kukulazimisha. Binamu yangu si paka. Balozi nisingeweza kumweleza kwamba kesho anakuja mwenzake. Nilichoweza kumpa ni kanga yenye harufu, na muda. Binamu angeelezwa kwa sentensi moja, naye angeielewa. Kumbe basi deni la shangazi kwake lilikuwa rahisi kulipa kuliko langu kwa Balozi, na bado halikulipwa, kwa sababu katika nyumba zetu mtoto haombwi ruhusa, wala hapewi hata taarifa. Tunaita hiyo malezi. Nadhani mara nyingine ni uvivu wetu tu, tumeuvika jina la ukarimu.

*

Sasa ni wiki ya kumi na moja. Balozi anakojoa vizuri. Si marafiki, na sina uhakika kama watakuwa. Asubuhi wanakula jikoni, kati yao vigae vitatu. Siku moja vilikuwa viwili, kesho yake vikarudi vitatu, na sikusogeza sahani ya mtu. Mgeni hutoka nyuma ya kochi mwenyewe, mkia chini bado, lakini hutoka. Juzi alipanda dirishani la sebule saa ya jua. Balozi alimwona, akapepesa macho taratibu, akapita.

Mwenye nyumba alinikuta uani, akaniuliza huyo mgeni anaondoka lini. Nikamwambia Mgeni ni jina lake tu.

Usiku wa kuamkia leo ilikuwa zamu ya sebuleni. Balozi alikuwa chumbani, kitanda kizima ni chake, na bado alijikunja miguuni upande wa ukuta. Mgeni alikuwa juu ya boksi, si ndani. Mimi nilikuwa chini, kwenye godoro jembamba, mgongo unauma, nimejibana ili nisizibe njia ya kwenda kwenye beseni. Si kitu. Mimi ndiye niliyesema karibu.